Kushiriki utafiti wa maradhi ya moyo: Muislamu aulize kabla ya kutia saini

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu Mtukufu, Muumba wa moyo na mapigo yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba wake wote.

Ama baada ya hayo. Wiki chache zilizopita, baada ya sala ya Alasiri, alinijia mama mmoja wa mtaani kwetu ambaye umri wake haujafika miaka 40. Aliniamkia, nikamwitikia, kisha akatoa mkobani karatasi sita zilizobanwa pamoja, zimekunjwa mara nne. Ilikuwa ni fomu ya ridhaa. Hospitali anakotibiwa moyo imemwomba ajitolee kushiriki katika utafiti wa wagonjwa ambao mapigo ya mioyo yao hayana mpangilio. Mumewe alikuwa amemwambia maneno mafupi tu: mpelekee Sheikh asome, akisema ni haramu tuache.

Nikamuuliza yeye mwenyewe ana wasiwasi gani. Akaweka kidole kwenye ukurasa wa pili, akasema: "Sheikh, wameandika hapa kwamba watanigawa kiholela. Mimi nina watoto wanne, nitatibiwaje kiholela?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwomba aniachie karatasi zile kwa siku kadhaa. Naona ni wajibu wangu kuwaeleza wasomaji sababu, kwani mtu anayesimama mimbarini hapaswi kuficha makosa yake ilhali anawahesabia wenzake ya kwao.

Yapata miaka kumi na tano iliyopita, mzee mmoja wa msikiti wetu, mvuvi aliyestaafu, aliniuliza swali la namna hiyo hiyo. Naye alikuwa na maradhi ya mapigo ya moyo, naye alikuwa ameombwa kushiriki katika utafiti. Nilimjibu palepale, tukiwa tumesimama kwenye kizingiti cha msikiti, kila mmoja akitafuta viatu vyake. Nilimwambia aachane nao, kwani watu hao wametugeuza panya wa kujaribia dawa zao. Mzee aliniamini. Aliacha utafiti, na kwa kuwa akilini mwake utafiti na kliniki vilikuwa kitu kimoja, aliacha na kliniki pia. Miezi michache baadaye alipatwa na kiharusi, upande wake wa kulia ukapooza na ulimi wake ukawa mzito hadi alipofariki, Allah amrehemu. Sisemi kwamba angalishiriki asingalipatwa na lolote, kwani elimu ya ghaibu iko kwa Allah peke yake. Ninachokijua ni kwamba nilitoa fatwa katika jambo nisilolijua. Na uzito wa kufutu bila ya elimu niliusoma madrasa kabla sijaota ndevu.

Safari hii, basi, nilisoma kwanza. Nilikaa na madaktari wawili ninaowafahamu, nikawauliza hadi wakachoka, na haya ninayoyaandika ni matunda ya masomo hayo.

Moyo wa mtu mzima hupiga takriban mara 100,000 kwa siku moja. Kila pigo huanzishwa na cheche ndogo ya umeme inayotoka katika vyumba vya juu vya moyo na kushuka vyumba vya chini kwa utaratibu maalumu. Utaratibu huo ukivurugika, moyo huweza kwenda mbio kupita kiasi, au ukachelewa mno, au ukapiga ovyo. Aina moja iliyoenea ni ile ambayo vyumba vya juu havipigi tena bali vinatetemeka tu, mfano wa jani la mnazi kwenye upepo. Damu katika vyumba hivyo haisukumwi sawasawa, inatuama, na damu iliyotuama huganda. Donge likichomoka na kupanda kichwani, mtu hupata kiharusi. Utafiti mkubwa uliofanyika kwa miongo mingi katika mji wa Framingham nchini Marekani ulionesha kwamba mwenye maradhi haya yumo katika hatari ya kiharusi takriban mara tano zaidi ya asiyekuwa nayo. Kwa sababu hiyo wagonjwa wengi wa aina hii hupewa dawa ya kuzuia damu isigande, na iliyozoeleka zaidi kwetu ni warfarini.

Mgonjwa wa Ulaya mwenye maradhi haya aghalabu ni mzee, na kinachomsumbua ni shinikizo la damu na umri. Kwetu wapo wa namna hiyo, lakini wapo pia wengi kama huyu mama: alipokuwa mtoto aliumwa koo, likafuatiwa na homa ya baridi yabisi, homa ikaziharibu vali za moyo, na miaka ikipita vyumba vya juu vikapanuka na kuanza kutetemeka. Kwa upande wa wazee, utafiti uliofanyika wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2012, uliwapima watu wa miaka 70 na kuendelea, na ukakuta kwamba wenye mtetemo huo hawafiki hata mmoja katika kila mia, kiwango kilicho chini mno ya kile cha wazee wa Ulaya. Basi maradhi ni yale yale kwa jina, lakini wagonjwa si wale wale. Dawa iliyothibiti kwa mzee wa London haijathibiti kwa mama wa Tandika mpaka ijaribiwe kwa watu wa hali yake.

Wapo watakaosema, na nimekwisha kuwasikia: kwa nini tujaribiwe sisi? Nataka kuwatendea haki watu hawa, kwani hofu yao haikuzuka hewani. Kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, huko Tuskegee nchini Marekani, maofisa wa afya wa serikali waliwafuatilia wanaume weusi 399 wenye kaswende bila ya kuwaambia ukweli wa maradhi yao, na hata penisilini ilipopatikana hawakupewa. Mwaka 1996, katika mji wa Kano, Nigeria, mji wa Waislamu, kampuni ya Pfizer iliwajaribia watoto 200 dawa wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo. Nusu yao walipewa dawa mpya na nusu dawa iliyokuwa ikitumika. Watoto 11 walifariki, 5 katika kundi la dawa mpya na 6 katika kundi jingine. Mgogoro haukuwa juu ya idadi ya vifo peke yake. Ulikuwa zaidi juu ya swali hili: je, wazazi waliambiwa kwamba ule ni utafiti, na wakaridhia? Kampuni ilikana kufanya kosa, lakini mwaka 2009 ilikubaliana na serikali ya Jimbo la Kano kulipa dola milioni 75. Kabla ya hapo, mwaka 2003, watu wa Kano walikuwa wamekataa chanjo ya polio, na kumbukumbu ya mkasa ule ilikuwa miongoni mwa sababu. Imani ya watu ikivunjwa katika jambo moja, gharama yake hulipwa na watoto wengine katika jambo jingine.

Anayehofu, basi, si mjinga. Lakini hofu ina mpaka wake, na mpaka huo ni pale inapomfanya mtu aseme kuwa kila utafiti ni hila ya maadui. Kauli hiyo haina msingi, na inatusahaulisha kwamba jambo hili halikuanza kwa wageni. Abubakar Ar-Razi, tabibu wa karne ya 10, ameeleza katika kitabu chake Al-Hawi jinsi alivyolitoa damu kundi moja la wagonjwa wenye dalili za uvimbe wa ubongo, na kundi jingine akaliacha kwa makusudi bila ya kulitoa damu, ili ajue kama matibabu yale yana faida. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, ameweka katika kitabu chake cha Kanuni masharti ya kuijua nguvu ya dawa kwa majaribio, na mojawapo ni kwamba ijaribiwe kwa mwanadamu, kwani inavyomfanya mnyama si dalili ya namna itakavyomfanya mtu. Wanaodhani kulinganisha makundi mawili ya wagonjwa ni uzushi wa majuzi wafungue vitabu vya wazee wao.

Kwa nini lakini pawe na ulazima wa kulinganisha? Si daktari anajua? Hapa nitasimama kidogo, kwani ndipo mimi mwenyewe nilipofunguka macho.

Katika miaka ya 1980, madaktari wa Marekani walijua kwamba mtu aliyepata shambulio la moyo, kisha moyo wake ukawa unapiga mapigo ya ziada, yumo katika hatari ya kufa ghafla. Dawa za kuyatuliza mapigo yale zilikuwapo, miongoni mwake enkainidi na flekainidi. Mgonjwa akipewa, mapigo ya ziada yanapungua, na kipimo cha umeme wa moyo kinatoka kizuri. Kila mwenye akili angesema dawa imefanya kazi. Hata hivyo watafiti waliamua kuhakikisha. Waliwagawa wagonjwa 1,498, baadhi wakapewa dawa, na wengine wakapewa kidonge kinachofanana nayo lakini ndani hakina dawa. Mwaka 1989 sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa kabla ya muda wake. Ilipokamilishwa hesabu yake, ilionekana kwamba katika wafuasi wa dawa walifariki 63, na katika wale wa kidonge kitupu walifariki 26, wakati makundi yalikuwa karibu sawa kwa idadi. Dawa ilikuwa inakipendeza kipimo na kumuua mwenye moyo. Lau wagonjwa wale wasingalikubali kujitolea, madaktari wangaliendelea kuiandika kwa nia njema kabisa, na hakuna ambaye angalijua, kwa sababu kila mgonjwa aliyekufa ingesemwa kuwa moyo wake ulikuwa mbovu tangu hapo.

Mfano wa pili unamhusu mama yetu huyu moja kwa moja. Warfarini ni dawa yenye usumbufu. Mgonjwa hupimwa damu mara kwa mara, na majani mabichi kama mchicha, akiyala leo kwa wingi na kesho asiyaguse, huvuruga nguvu ya dawa. Zikaja dawa mpya za kumeza bila ya vipimo hivyo vya mara kwa mara. Tafiti kubwa zilizozipa sifa, kama ule wa mwaka 2009 uliokuwa na wagonjwa 18,113 na ule wa mwaka 2011 uliokuwa na wagonjwa 14,264, ziliwaweka kando watu wenye ubovu mkubwa wa vali, yaani watu wa hali ya mama huyu. Kwa miaka kadhaa, basi, daktari wa kwetu alikuwa akikisia tu. Wengi walidhani dawa mpya itakuwa nafuu kwa maskini, kwani safari za maabara zingepungua.

Ukafanywa utafiti uitwao INVICTUS katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini na ya Kati, na matokeo yakatoka mwaka 2022. Wagonjwa 4,531 wenye mtetemo wa moyo uliotokana na homa ya baridi yabisi waligawanywa, nusu wakapewa dawa mpya ya rivaroksabani na nusu wakaendelea na dawa za aina ya warfarini. Umri wao wa wastani ulikuwa kama miaka 50, na karibu robo tatu walikuwa wanawake. Waliopatwa na kiharusi, donge la damu, shambulio la moyo au kifo kitokanacho na moyo na mishipa, au ambacho sababu yake haikujulikana, walikuwa 560 katika kundi la dawa mpya na 446 katika kundi la dawa kongwe. Ile dawa ya usumbufu, ya kuchomwa sindano kila mara, ndiyo iliyohifadhi roho nyingi zaidi. Nani angalilijua hili kwa kukisia? Wanawake wale, ambao majina yao hatuyajui, ndio waliotufundisha. Mama huyu anameza warfarini leo, na daktari wake anaiandika kwa uhakika, kwa sababu yao. Aya ya 32 ya Suratul Maida, ambayo wasomaji wa ukurasa huu wanaijua, imeipa nafsi moja thamani ya watu wote. Sijui ni amali gani ya kidunia iliyo karibu zaidi na maana hiyo kuliko ya mgonjwa anayejua kwamba huenda asinufaike yeye, lakini akakubali ili atakayeugua baada yake anufaike.

Sasa tuje kwenye hukumu. Asili ya kujitibu katika Uislamu ni jambo linalotakiwa, na Mtume (S.A.W.) ametuhimiza. Utafiti ni njia ya kuijua tiba, na njia hufuata hukumu ya kinachoendewa, maadamu haina madhara yanayozidi manufaa wala dhulma ndani yake. Dhulma kubwa katika mlango huu ni kumfanyia mtu jambo mwilini mwake bila ya ridhaa yake. Imepokewa katika Sahihi Bukhari, kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.), kwamba Mtume (S.A.W.) alipokuwa katika maradhi yake ya mwisho watu wa nyumbani walimtia dawa upande mmoja wa kinywa, ilhali aliwaashiria wasifanye hivyo. Wao walidhani ni ile karaha ya kawaida ya mgonjwa kwa dawa. Alipopata nafuu aliwalaumu, na akaamuru wote waliokuwamo nyumbani watiwe dawa ile ile, isipokuwa ami yake Abbas ambaye hakuwapo nao. Hebu tuzingatie: waliomtia dawa walikuwa watu wampendao kuliko nafsi zao, na nia yao ilikuwa njema, na bado hawakusamehewa kirahisi. Ulimwengu wa madaktari ulikaa hadi mwaka 1964, mjini Helsinki, ndipo Chama cha Madaktari Duniani kikaandika tamko kwamba mshiriki wa utafiti lazima aelezwe na aridhie kwa hiari. Tamko hilo limerekebishwa mara kadhaa, mara ya mwisho Oktoba 2024.

Ridhaa hiyo ni ya nani? Nasema wazi, hata kama baadhi ya akina baba hawatapendezwa: ni ya mgonjwa mwenyewe. Yule mwanamke mwenye kifafa aliyemwendea Mtume (S.A.W.) alipewa hiari ya kusubiri apate Pepo au aombewe apone, na aliyechagua ni yeye. Hakuulizwa mumewe wala walii wake yuko wapi. Mume ashauriwe, na familia ikae pamoja, kwani safari za kliniki zinahitaji nauli na mtu wa kubaki na watoto. Lakini mume asitie saini kwa niaba ya mke mwenye akili timamu, wala asimlazimishe kukubali au kukataa. Mwanamke yule alikuwa na ombi moja, kwamba asifunuke nguo anapoanguka, naye akaombewa hilo. Nalitaja kwa sababu kipimo cha umeme wa moyo hubandikwa kifuani. Dada zetu wasione haya kuomba muuguzi mwanamke na shuka ya kujisitiri, na watafiti wanaotaka wanawake wa Kiislamu wajitolee waliandae jambo hilo kabla ya kuombwa.

Tukirudi kwenye lile neno "kiholela". Nilipowauliza madaktari, walicheka, kisha wakaona haya. Walichokusudia ni kura. Daktari hachagui nani aingie kundi gani, wala mgonjwa hachagui, bali hupigwa kura, siku hizi kwa kompyuta, ili wagonjwa wenye hali mbaya wasirundikwe upande mmoja na kuyapotosha matokeo. Sasa kura inatutisha nini sisi? Nabii Yunus (A.S.) alipigiwa kura jahazini. Ulezi wa Bibi Maryam uliamuliwa kwa kura za kalamu. Na Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akitaka kusafiri hupiga kura baina ya wake zake. Kura ni uadilifu pale haki za watu zinapolingana, na hapa zinalingana kwa sharti moja: iwe kweli wataalamu hawajui kati ya njia mbili ipi iliyo bora. Ikiwa wanajua tayari kuwa moja ni duni, kumpa mtu ile duni kwa kisingizio cha kura ni dhulma. Fomu iliyomwandikia mgonjwa "kiholela" badala ya "kwa kura" imemtisha bure, na nadhani imewakimbiza wengi.

Na kidonge kisicho na dawa? Ndugu mmoja aliniambia huo ni ghushi, na mwenye kughushi si katika sisi. Ingekuwa ghushi lau mgonjwa angefichwa. Lakini akiambiwa tangu mwanzo kwamba huenda akapata kidonge kitupu, wala yeye wala daktari wake hatajua ni kipi, na akaridhia, hakuna aliyedanganywa. Kisichojuzu ni kumnyima mgonjwa dawa ambayo faida yake imekwisha kuthibiti ili tu aonekane atakavyozidiwa. Hiyo ndiyo Tuskegee.

Wapo pia wanaoniuliza: nikishatia saini, kujitoa si kuvunja ahadi? Waislamu hufungwa na masharti yao, na katika mkataba huu haki ya kujitoa wakati wowote, bila ya kutaja sababu na bila ya kupoteza matibabu ya kawaida, ni sharti lililomo ndani yake. Anayejitoa ametumia sharti, hakuvunja ahadi. Laiti ningalimwambia mzee wangu yule maneno haya: acha utafiti ukitaka, lakini kliniki usiache.

Kuna upande mwingine ambao hausemwi sana, nao ni amana ya mshiriki. Aliyekubali kushiriki ni shahidi. Akisema amemeza vidonge ilhali vimo kabatini, ametoa ushahidi wa uongo ambao utatumiwa kuwatibu maelfu. Hapa Waislamu tuna mambo yetu ambayo daktari hatayajua tusipomwambia. Wapo wanaopiga hijama kila mwezi. Hijama ni sunna inayojulikana, lakini kumchanja mtu anayetumia dawa ya kuzuia damu isigande kunaweza kumletea damu isiyokatika upesi. Wapo wanaotumia habasoda, mizizi, na dawa za kuchemsha za majirani. Wapo wanaofunga Ramadhani kimyakimya na kuhamisha dozi ya mchana hadi usiku wa manane bila ya kumwambia mtu. Mgonjwa ana ruhusa ya kula, na anayetaka kufunga amuulize daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama ili ratiba ipangwe. Na mwanamke anayeulizwa juu ya ujauzito na uzazi wa mpango asidhani anavunjiwa heshima, wala mumewe asiote moto. Warfarini huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hususan katika miezi ya mwanzo, na dawa isiyojulikana vizuri ni ya kuhofiwa zaidi. Ama heparini, dawa ya sindano inayozuia damu isigande, sehemu yake kubwa hutengenezwa kutokana na utumbo wa nguruwe. Muislamu ana haki ya kuuliza na kuelezwa, na mlango wa dharura unajulikana katika fiqhi pale ambapo hakuna kingine cha kuokoa roho.

Fedha sitazichelewesha. Kurudishiwa nauli na chakula cha siku ni haki. Lakini ukiona malipo ni makubwa kiasi kwamba maskini hawezi kukataa, jiulize ni nini kinachonunuliwa.

Kwa hapa nchini, utafiti wa afya hupitishwa na kamati ya maadili ya taifa iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na majaribio ya dawa huhitaji pia kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Mgonjwa aombe kuoneshwa namba ya kibali na simu ya kamati. Aulize madhara yakitokea ni nani atakayemtibu na kwa gharama ya nani. Aulize pia kama kuna jopo huru linaloangalia matokeo njiani, mfano wa lile lililosababisha utafiti wa mwaka 1989 usimamishwe, na utafiti ukiisha na dawa ikawa imemfaa, je, ataendelea kuipata au ataachwa.

Na kwa watafiti wenyewe nina lawama moja, nayo si ndogo. Mnakuja misikitini mnapotafuta watu. Mnatuomba tutangaze baada ya sala ya Ijumaa, na tunatangaza. Kisha mnakusanya damu na takwimu, mnaondoka, na matokeo tunayasikia, tukiyasikia, kutoka kwa mtu aliyesoma gazeti la nje. Aliyejitolea mwili wake anastahiki aambiwe kilichopatikana, kwa Kiswahili chepesi, akiwa amekaa kwenye kiti kama mgeni na si kama namba kwenye jalada. Mkirudi na majibu mara moja tu, hamtahitaji tena kutuomba tuwatangazie.

Baada ya siku nne nilimwita yule mama pamoja na mumewe. Tulikaa barazani kwangu baina ya Magharibi na Isha, nikawasomea fomu ukurasa kwa ukurasa, na kila penye "kiholela" nikasoma "kwa kura". Mume alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba amebaki na hofu, lakini mwenye moyo ni mkewe. Mama hakutia saini usiku ule. Alitaka nimwandikie maswali matatu pembezoni mwa karatasi: atapimwa na mwanamke au mwanamume, nani atagharimia akipata madhara, na damu yake itakayobaki maabara itapelekwa wapi baada ya utafiti kwisha. Alikwenda nayo kliniki Jumatatu. La kwanza na la pili amejibiwa akaridhika. La tatu, daktari amemwambia ampe muda aulize, na hadi naandika makala haya fomu ile bado iko mkobani, haina saini.